Kisanduku cha Bibi Yako Kisifike Kwenye Mizani

Kidia, Old Moshi
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Tunakusalimu sana sisi wa nyumbani. Baba yako anaendelea vizuri, ingawa mgongo bado unamsumbua akiinama kwenye migomba, na mdogo wako amerudi shuleni salama. Nimeshika kalamu kwa sababu juzi kwenye simu ulisema maneno machache ukaniambia salio linaisha, na maneno hayo yamenikosesha usingizi tangu siku hiyo: kwamba umempata sonara hapo Arusha aliye tayari kukipima kisanduku cha bibi yako, kile cha madini ya fedha kilichotengenezwa kwa kuwekea sukari, na kwamba bei ya fedha siku hizi iko juu. Barua hii anakuletea mjomba wako kwa mkono wake, naye nimemwomba akusubiri uisome yote kabla hajarudi stendi. Usikipeleke kisanduku kile kwenye mizani. Nitalirudia neno hilo mara nyingi humu ndani, nawe univumilie.

Najua una mahitaji. Najua habari ya nauli na bima ya kwenda Ujerumani, na najua kwamba koti la baridi kali utalipata kwa kuchambua mitumba ya soko la Memorial siku nzima. Wala sisemi umeingiwa na tamaa. Mtoto aliyejifunza Kijerumani usiku, akitoka zamu ya wodini, mpaka akapata cheti cha B1, simwiti mvivu wala mlafi, na siku ulipotuma picha ya cheti kile niliipeleka kanisani nikawaonyesha hata watu ambao hawakuniuliza habari zako. Lakini jambo hili la kisanduku ulilipanga bila kunishirikisha. Ulikichukua wakati wa Krismasi, kikiwa kimefungwa ndani ya khanga ya bibi yako, ukasema unakwenda kukipiga picha nzuri ili kila mmoja wetu abaki na kumbukumbu. Picha hizo sijaziona mpaka leo, ila habari za sonara zimenifikia.

Nikueleze sonara ataona nini. Ataona chombo chenye gramu 430. Nimejuaje uzito huo nitakuambia mbele. Atahesabu kwamba humo ndani fedha tupu ni gramu 349 hivi na iliyobaki ni shaba, atazidisha kwa bei ya siku, atakupunja kidogo kwa gharama ya moto, atakuhesabia noti, na kabla ya magharibi kisanduku kitakuwa kimeyeyuka, tayari kugeuka mikufu na pete za watu wasiojuana. Hilo ndilo atakaloliona, na hatakuwa amekosea hesabu.

Asichokiona ni hiki. Mwaka jana nilikipeleka kwa fundi saa mmoja mjini, mwenye kile kioo wanachokibana jichoni, nikamwomba aangalie chini ya kitako. Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu, kisha akanionyesha namba 13, ndogo kama punje ya ulezi, na pembeni yake chapa ya fundi aliyekitengeneza. Mchungaji wetu mstaafu, ambaye alisoma Ujerumani, ndiye aliyenifafanulia. Zamani Wajerumani walipima usafi wa fedha kwa lothi: lothi 16 ni fedha tupu, kwa hiyo 13 maana yake ni sehemu 13 za fedha kati ya 16, yaani 812.5 katika kila 1,000. Sheria yao ya mwaka 1884 ilibadilisha hesabu hiyo, na ilipoanza kutumika mwaka 1888 vyombo vyao vikawa vinagongwa chapa ya mwezi mwandamo na taji, pamoja na namba kama 800. Kisanduku chetu hakina mwezi wala taji, kina 13 yake tu. Ndiyo kusema kilikuwa tayari kinafunguliwa na kufungwa na mikono ya watu kabla Mjerumani hajaanza kujenga reli pale Tanga mwaka 1893.

Na kitasa chake hakikuwekwa kwa urembo. Sukari huko Ulaya ilikuwa kitu cha gharama, ikafungiwa kama mtu anavyofungia dhahabu, na mama mwenye nyumba ndiye aliyetembea na ufunguo. Ndani kimepakwa dhahabu nyembamba, ambayo bado inaonekana kwenye pembe ambako vidole havifiki. Zile herufi mbili juu ya kifuniko ni za bibi harusi. Desturi yao ilikuwa kumwandalia binti vyombo vya kuingia navyo kwenye ndoa, vikichorwa herufi za jina la kwao, kabla hajachukua la mume. Ya kwanza ni A. Ya pili haisomeki tena, na aliyeifuta ni mimi, kwa majivu na waya wa kusugulia masufuria, nikidhani nakitakasa kwa ajili ya kipaimara chako. Bibi yako alikuwa akitumia chaki iliyosagwa na kitambaa cha flaneli, hakutumia kingine. Alinitazama nikisugua, wala hakusema kitu, na mimi nilidhani kimya chake ni kuridhika.

Habari ya wenye kisanduku bibi yako aliipata kwa mama wa Kigiriki aliyemwajiri, naye mama yule aliipata kwa mkwewe, aliyekuwa jirani wa Wajerumani wenyewe. Mjukuu wa yule bibi harusi alikuja na mumewe treni ilipofika Moshi mwaka 1911, wakapata shamba upande wa Kibosho, wakapanda kahawa. Kisanduku kilikaa kwenye kabati la chumba cha kulia, nao walizika watoto wawili nyuma ya nyumba ile kabla kahawa haijazaa vizuri. Machi 1916 Waingereza wakaingia Moshi. Vita vilipokwisha Wajerumani wakafukuzwa nchini na mashamba yao yakashikwa kama mali ya adui, yakapigwa mnada. Mwanamke yule aliondoka na mizigo aliyoweza kuibeba, na kisanduku hakikuwamo.

Mwanangu, chukua tochi ya simu yako, ukigeuze, uangalie pale mguu unapoungana na kitako. Kuna rangi nyekundu iliyojificha kwenye mfereji, nyembamba kama uzi. Hiyo ndiyo namba ya mnada iliyobaki. Mama mmoja alikirithi kwa bibi yake, akavuka nacho bahari, akakitazama mezani kila asubuhi akiwa katika nchi ya watu, na siku moja kikawa namba tu kwenye orodha, kati ya meza na vitanda. Sasa wewe unataka kiwe gramu.

Aliyenunua shamba lile pamoja na vitu vya ndani alikuwa Mgiriki. Wagiriki hawakuweka sukari ndani yake. Mama wa nyumba ile alikuwa akipika matunda kwa sukari mpaka yanakuwa mazito, maganda ya machungwa hasa, na mgeni akifika analetewa kijiko kimoja cha matunda hayo na glasi ya maji baridi, kisha ndipo kahawa. Vijiko vyenyewe vilikuwa sita, vya fedha, vidogo, na kisanduku ndimo vilimokuwa vikilala. Bibi yako aliingia jikoni humo akiwa msichana mwaka 1954, na kila Jumamosi kwa miaka 19 alivitoa vijiko, akavipanga juu ya kitambaa, akavisafisha kimoja kimoja, akavihesabu mbele ya mama yule, akavirudisha. Fikiri maana ya kuhesabiwa vijiko kila wiki kwa miaka 19.

Mwaka 1973, mashamba ya walowezi ya kahawa yalipotaifishwa hapa Kilimanjaro, familia ile ikafunga mizigo, na bibi yako alikuwa anadai mishahara ya miezi minne. Fedha taslimu haikuwapo. Mama wa Kigiriki alimwita jikoni, akaweka kisanduku juu ya meza, akakifungua mwenyewe, akahesabu vijiko sita kwa sauti, safari hii akimhesabia yeye. Halafu akakifunga, akautia ufunguo mfukoni mwake, akaondoka nao, na bibi yako hakuuliza. Wakati wa mchana kijana wa yule mama ndiye aliyelegeza kitasa kwa bisibisi, na mkwaruzo wake ungalipo.

Kabla ya hapo lakini bibi yako alidai karatasi. Mwanamke asiyejua kusoma zaidi ya katekisimu alisimama mbele ya mwajiri wake akasema kwamba hatoki na chombo cha fedha bila karatasi, maana akikutwa nacho njiani hakuna atakayemwamini. Mama yule akaandika nyuma ya hati ya mauzo ya kahawa, kwa Kisetla, kile Kiswahili cha kuvunjavunja cha walowezi, kwamba sanduku na vijiko sita ni mshahara, “hapana iba”, akatia sahihi. Karatasi hiyo ninayo ndani ya Biblia yangu, imekunjwa mara nne, na mikunjo yake imeanza kuachana.

Kwa hiyo uliponiuliza kwenye simu, “Kwani bibi alikipataje?”, nilijua swali hilo si lako. Ni la sonara. Wewe ulilibeba tu, ukaniletea mimi, na ndiyo maana nilikujibu kwa ukali. Ningependa ungemjibu wewe, palepale, mbele ya mizani yake, kwamba bibi yako alikifanyia kazi. Unakwenda Leipzig, katika nchi ambako wamisheni wa kwanza wa Kilutheri wa huku mlimani walitoka, nayo ni nchi ile ile iliyomnyonga Mangi Meli, mtawala wetu, hapa kwetu, pale Tsudunyi, tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake umetumia miaka na miaka kukitafuta kichwa chake, kinachosemekana kilipelekwa huko. Sikuandikii haya ili uende na chuki. Waheshimu watu watakaokufundisha kazi na wagonjwa watakaokutegemea. Ninachosema ni kwamba sisi tuna kitu chao kimoja, na tuna karatasi inayoonyesha tulivyokipata. Usiiache karatasi ikabaki peke yake.

Sasa habari ya vijiko, maana sonara akishindwa kukupata kwa kisanduku atakuuliza kama hakuna vingine. Kimebaki kimoja. Vitano niliviuza mimi. Ulikuwa mwaka wa kuingia kidato cha kwanza, na orodha ya shule ilitaka ada, godoro, tranka na jembe kwa pamoja. Nilikwenda mjini na kisanduku na vijiko ndani ya kapu, chini ya ndizi. Sonara alipima kisanduku kwanza, akasema gramu 430, nami nikakirudisha kwenye kapu kwa sababu mkono ulikataa. Vijiko nikamwachia. Alichukua mkasi wa kukatia bati, akakikata cha kwanza katikati ili aone ndani kama ni fedha kweli, na ule mlio mdogo wa mkasi ukifunga nausikia mpaka leo nikikata kitambaa. Nilijiambia ni vijiko tu. Ada ililipwa, godoro likanunuliwa, na leo wewe ni muuguzi. Kwa hiyo sitaki useme nilikosea, wala sitaki useme nilifanya vema.

Bibi yako alifungua kisanduku Jumamosi iliyofuata, akapanga kijiko kimoja juu ya kitambaa, akakisafisha, akakirudisha. Yule binti aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani aliondoka mwezi ule ule. Hakufukuzwa na mtu, ila shangazi yako alimpekua begi lake mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na la kusema na sikulisema. Sasa yeye anauza ndizi Kiboriloni, ana watoto watatu, na akiniona ananiamkia kwa adabu, jambo ambalo linaniumiza kuliko kama angenigeuzia mgongo. Jumatano nitashuka Kiboriloni. Nimeshakata jani la isale, lile tunaloombea msamaha. Nimemwandikia na karatasi, kwa mkono wangu na jina langu kamili, kwamba vijiko vitano nilivichukua mimi. Bibi yako alipewa ya kwake siku hiyo hiyo, na binti huyu amekaa bila ya kwake miaka yote hii.

Ndiyo maana nakusihi, baba, usikipeleke kwenye mizani. Nilikwisha kupita njia hiyo na najua inavyokuwa baadaye. Fedha utakayopewa itakwisha kwenye uwanja wa ndege.

Wala sikuachi mikono mitupu. Tumeuza yule ndama dume. Alikuwa amenenepa na majani ya kumlisha yamekuwa shida tangu mfongo wa juu, ule mfereji wa maji, ulipobomoka, na baba yako hawezi tena kwenda kwenye kazi ya pamoja ya kuuzibua, kwa hiyo tunalipa faini. Malipo ya pili ya kahawa yametoka. Si mengi, mibuni yetu imezeeka na nusu tunapaswa kuing'oa, lakini ukijumlisha na ya ndama inafika karibu na kile ulichotaja. Pungufu mjomba wako ameahidi. Paa la jiko litasubiri masika yapite. Nimeweka ndoo mahali panapovuja.

Huko uendako, mkataba usiusaini siku unayopewa. Lala nao usiku mmoja, usome kila mstari kwa Kijerumani chako mwenyewe. Pasipoti yako usimwachie mtu akushikie, hata awe Mtanzania mwenzako. Kula asubuhi. Nilikulea ukiwa mtu wa kukubali haraka ili mambo yaishe, na tabia hiyo umeitoa kwangu, kwa hiyo jihadhari nayo. Na kama ungekuja kwenye kipaimara cha mdogo wako tungeyazungumza haya yote ana kwa ana, naye asingelia siku nzima.

Kisanduku mkabidhi mjomba wako leo. Usikisafishe kabla ya kukituma. Weusi ule si kutu, ni salfa ya hewani na ya moshi wa jikoni, na kila unapousugua unaondoa na fedha kidogo, ndivyo herufi ile ilivyopotea. Kikunje kwenye khanga ile ile ya bibi yako. Usitie gazeti, na usifunge kwa mpira, maana mpira nao una salfa, huacha mstari mweusi usiotoka. Kikirudi nitakitia kijiko chake na karatasi yake, nacho kitakaa nami hapa mpaka utakapokuwa na nyumba yako na kabati lako. Kama nitakuwa nimetangulia, mdogo wako anajua kilipo na anaijua habari hii yote, nimemsimulia wiki iliyopita tukimenya ndizi.

Mjomba wako asikiweke kwenye buti ya gari, akipakate. Fedha nitakutumia kesho benki ikifunguliwa, na ukiipata unipigie, wala usitume ujumbe, nataka kuisikia sauti yako.

Mama yako